Darasa Dogo Wakati Skuli Zimefungwa

Katika miaka ya karibuni watoto wetu wamefungiwa skuli zaidi ya mara moja, na kila mara sababu imekuwa nyingine. Mwezi wa Septemba 2015 zilifungwa kwa mgomo wa walimu. Siku ya Jumapili tarehe 15 Machi 2020 Serikali ilitangaza kuzifunga kwa ajili ya maradhi ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka tarehe 4 Januari 2021. Mwenye kuhisabu juma kwa juma atapata majuma 42. Tena mwaka 2024, muhula wa pili uliokuwa uanze tarehe 29 Aprili ulicheleweshwa na mafuriko mpaka tarehe 13 Mei. Basi hapana mzazi awezaye kusema kwamba jambo hili limepita na halitarudi. Ndiyo sababu tumeona somo hili tuliandike sasa, milango i wazi, kwani siku inapofungwa watu huwa na mengine yaliyowashughulisha, na wengi hawana hata utulivu wa kusoma.

Maneno yetu ya leo yahusu watoto wadogo tu, wa darasa la kwanza mpaka la nne. Hatusemi kwamba wakubwa hawadhuriki. Lakini kijana aliyekwisha kujua kusoma, akikaa miezi mitatu bila mwalimu atasahau baadhi ya aliyofunzwa, kisha siku akitaka atakirudia kitabu mwenyewe, kwa sababu ufunguo anao mkononi. Mtoto wa darasa la pili hana ufunguo huo. Yeye yu katikati ya kivuko. Aanza "ma", kisha "ma-ka", kisha "makaa", na kila silabi yamgharimu juhudi yake yote, hata afikapo mwisho wa sentensi huwa amekwisha sahau mwanzo wake, na maana imempotea. Jambo linalomvusha ni moja, nalo ni kusoma kila siku mpaka maneno yaanze kumjia yenyewe bila ya kuyavunja vipande. Akikatizwa hapo habaki alipo, bali hurudi nyuma, na akirudi darasani hukuta wenziwe wamekwisha vuka, naye huona haya kusema kwamba yeye amebaki.

Mwaka 2020 sisi wenyewe tulikosea, na twapenda kulieleza kosa letu kabla ya kumfundisha mtu.

Skuli zilipofungwa tulijitolea kulisaidia darasa moja la tatu, ambalo watoto wake wengi ni wa mtaa wetu. Tukaandika karatasi za maswali, za hisabu na za lugha. Wazazi wenye simu za kisasa tukawapelekea kwa simu, na wasiokuwa nazo tukawawekea karatasi zilizopigwa chapa katika duka la mtaani, wazichukue wakija kununua unga. Baada ya majuma matatu karatasi zikarudi, na karibu zote zimejaa, tena kwa hati nzuri. Tulifurahi sana, tukaambiana kwamba darasa linaendelea kama kwamba halikufungwa.

Kisha mmoja wetu akaona kwamba tarakimu ya 7 katika karatasi za watoto watatu wa nyumba moja imeandikwa kwa namna ile ile, na kijistari katikati. Tulipokwenda kuuliza, tukasimama mlangoni na barakoa zetu kama ilivyoamriwa, tukamwomba binti wa nyumba ile atusomee aya moja. Binti huyu kabla ya kufungwa skuli alikuwa msomaji bora wa darasa lake. Alisoma mstari wa kwanza. Wa pili akautafuta. Wa tatu akanyamaza, akaitazama sakafu. Zile karatasi zilikuwa zimejazwa na kaka yake aliye skuli ya sekondari, ili asimsumbue mama. Baba yao kazi yake ya hotelini ilikuwa imekatika, mama akawa anakaanga viazi vya karai na mahamri ya kuuza, na tangu asubuhi mpaka jua kuchwa binti ndiye aliyekuwa mlezi wa ndugu zake wawili wadogo.

Mama yule alituambia, "Maalim, mimi nilidhani karatasi zikijaa basi kazi imekwisha." Hatukuwa na jawabu la kumpa, kwani na sisi tulidhani vivyo hivyo, na sisi ndio tuliojiita walimu.

Basi funzo tulilolipata, na ndilo tutakalo kulieleza leo, ni kwamba darasa la watoto wadogo halishikwi kwa karatasi wala kwa simu wala kwa runinga. Hushikwa na sikio. Mtoto mdogo hufunzika pale anaposoma na kuna mtu anayemsikiliza, amkosoe, amwambie "rudia hapo", na kesho amuulize tena. Hatuvidharau vipindi vilivyotolewa mwaka ule na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala kwa redio na runinga. Vilikuwa vizuri, na wakubwa walinufaika navyo. Lakini runinga haijui kama mtoto aliye mbele yake amefahamu au amelala.

Na jambo hili si dhana yetu peke yetu. Mwaka ule ule wa 2020, katika nchi ya Botswana, wataalamu walilijaribu kwa jamaa zipatazo 4,500. Baadhi ya jamaa walipelekewa kila juma ujumbe mfupi wa maandishi wenye maswali ya hisabu. Wengine walipelekewa ujumbe huo, na juu yake wakapigiwa simu ya dakika chache, mzazi na mtoto wakae pamoja, mtoto atatue swali moja huku mwalimu anamsikiliza. Waliopata ujumbe peke yake hawakuonekana kuzidi sana. Waliosikilizwa ndio waliopata faida iliyo wazi. Jaribio hilo likafanywa tena katika nchi nyingine tano, na Kenya ikiwa mojawapo, na kule nako simu zilionekana kufaa. Angalieni kwamba simu zenyewe zilikuwa za kawaida, za kupiga na kupokea tu, ambazo hata nyumba zetu nyingi zisizokuwa na bando zinazo.

Hapa hutokea mama akasema, "Mimi Kiingereza sikijui, nitamsomesha nini?" Twamjibu kwamba hakuombwa kusomesha Kiingereza. Mtaala wenyewe wa skuli zetu wataka madarasa matatu ya mwanzo yasomeshwe kwa lugha ya pahali, na mtoto aliyezoea kusoma kwa Kiswahili chake huikuta kazi ya kusoma lugha nyingine imekwisha pungua nusu. Amsomeshe hicho anachokifahamu. Aketi naye, mtoto aweke kidole chini ya neno, asome ukurasa mmoja kwa sauti. Kila neno likimshinda atie kunde moja kikombeni; kunde zikizidi tano kwa ukurasa mmoja kitabu hicho ni kizito kwake, na atafutiwe chepesi. Kisha ukurasa huo huo aurudie. Mara ya pili atakwenda mbio zaidi, na yeye mwenyewe ataona kwamba ameshinda kitu, na hilo lampa hamu kuliko zawadi.

Na mama asiyejua kusoma kabisa? Huyu naye anaweza, na wala hatusemi hivi kwa kumfariji. Mtoto asome, kisha afunge kitabu amsimulie mama hadithi aliyoisoma. Mama amuulize: alikwenda wapi huyo? Kwa nini alikasirika? Ikiwa masimulizi hayashikani, amrudishe kitabuni akatafute. Mtoto aliyebahatisha maneno hawezi kuyajibu hayo, na aliyefahamu hujibu upesi. Tumemwona bibi mmoja, asiyejua hata kuandika jina lake, akimshika mjukuu wake kwa njia hii kuliko walimu waliosomea kazi.

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Katika chuo, mwalimu aliketi barazani na watoto arubaini wa umri mbalimbali, na kila mmoja na ubao wake. Hakuwasomesha wote neno moja kwa pamoja mchana kutwa, bali alimwita mtoto mmoja mmoja, akamsikiliza hijai yake, akamrudisha mahali pake, na wakubwa wakawasikiliza wadogo. Hatusemi kwamba chuo kilikuwa hakina ila. Fimbo ilikuwa nyingi, na wengi walitoka wakihifadhi kwa ulimi wasiyoyafahamu kwa akili, na katika haya tumekwisha sema mara nyingi. Lakini lile la kumsikiliza kila mtoto peke yake lilikuwa jema, na ni ajabu kwamba tumelitupa hilo tukaibakisha fimbo.

Ama hisabu, jiko lina vyombo vyake. Sinia ya mahamri iliyopangwa safu 4 za mahamri 6 ni somo zima la kuzidisha. Igeuzeni sinia, zitakuwa safu 6 za mahamri 4, na idadi ni 24 ile ile. Mtoto aliyeliona hili kwa macho yake hahitaji kulihifadhi kwa kuimba. Pishi ni vibaba vinne. Basi nusu pishi ni vibaba vingapi, na pishi tatu? Mpeni noti dukani, aseme chenji atakayorudishiwa kabla mwenye duka hajaihisabu. Lakini mzazi ajizuie asilitaje jawabu. Hapa ndipo wengi wetu twaharibu: mtoto akikaa kimya punde kidogo tu, twamtajia, twaona tumemsaidia, kumbe tumemnyang'anya kazi yake.

Wakati usiwe mrefu. Kipindi cha madarasa ya chini skulini ni nusu saa, na mwenye kumkalisha mtoto wa miaka saba saa tatu mfululizo hamfundishi ila kuchukia kitabu. Vikao viwili vya nusu saa, kimoja cha kusoma na kimoja cha hisabu na kuandika, vyatosha, maadamu ni kila siku na kwa saa ile ile. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia katika kufungwa kule, nyumba zilizokuwa na saa maalumu ziliihamisha tu, na zisizokuwa nayo ziliacha kabisa. Mama mmoja alikuwa akimvisha mwanawe sare ya skuli kila asubuhi, amtoe chumbani amkalishe ukumbini. Tulicheka tulipoiona, lakini mtoto yule hakukosa siku.

Mwalimu wa darasa naye ana sehemu yake. Baada ya kosa letu tuliacha karatasi, tukaanza kuwapigia. Hisabu yake ni nyepesi: darasa la watoto 40, dakika tano kila mtoto kwa juma, ni dakika 200, zigawanye kwa siku tano, ni dakika 40 kwa siku. Mtoto husoma aya moja katika simu, mwalimu humwambia alipokosea, na humwambia mama aendelee na ukurasa gani. Gharama ya kupiga isiachiwe mwalimu peke yake. Matajiri wetu watoao sadaka nyingi za futari wanaweza kuitoa na hiyo, na si nyingi.

Limebaki jambo la mabinti, nalo ni zito zaidi ya yote. Nyumba ikidhikika, wa kwanza kutolewa kitabuni ni binti, si kwa sababu hapendwi bali kwa sababu ana msaada. Kaka yake akikaa barazani na simu haonekani kuwa amekosa kitu. Twawaomba akina baba, na khasa walio nyumbani bila kazi katika siku kama hizo, wawashike watoto wachanga wao wenyewe hiyo saa moja ambayo binti anasoma. Si aibu kwa mwanamume kumbeba mwanawe. Tulimwambia baba wa binti yule maneno haya, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Saa ngapi?"

Kuhusu kukusanya watoto wa jirani barazani, yategemea sababu ya kufungwa. Katika maradhi haifai, na mwaka 2020 ilikatazwa. Hata misikiti ilipofunguliwa mwezi wa Julai mwaka ule watoto walio chini ya miaka 13 hawakuruhusiwa kuingia, na madrasa zilibaki zimefungwa. Lakini ikiwa ni mgomo au mvua, na njia zapitika, watoto watano au sita wa darasa moja waweza kuketi pamoja na kusikilizana, na mwenye uwezo wa kumwita mwalimu nyumbani amwongeze na mtoto wa jirani asiye na uwezo huo.

Mwisho, kila nyumba iwe na daftari moja la kila mtoto, ambalo kila siku laandikwa tarehe, ukurasa uliosomwa, na jina la aliyemsikiliza. Skuli zikifunguliwa apewe mwalimu siku ya kwanza. Twawaomba walimu wasianze pale kitabu kilipokomea muhula uliopita kama kwamba hapakupita kitu; wamsikilize kila mtoto aya moja, hata ikichukua juma zima, ndipo wajue wa kuanza naye wapi. Binti tuliyemtaja alirudi skuli Januari 2021 na daftari la kurasa 61, na mahali pa jina la msikilizaji, katika kurasa nyingi, limeandikwa kwa hati yake mwenyewe: Baba.