SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KUKADIRIA UPEPO UNAOVUJA KATIKA TANGI LA BREKI

Kutoka mjini Mbinga hadi Mbamba Bay barabara huteremka zaidi ya mita 700 katika mwendo wa kilomita zipatazo 66. Lami imerahisisha safari, lakini haikuuondoa mteremko. Lori linaloshusha mbolea ya wanachama ziwani hutegemea breki za upepo. Upepo ukivuja, mali na roho za watu zimo hatarini. Katibu anayeidhinisha safari halazimiki kuwa fundi, ila yampasa ajue kupima na kuuliza.

1. Jinsi upepo uvujavyo

Pampu inayoendeshwa na injini hushindilia upepo ndani ya tangi. Geji ikionyesha baa 7, kanieneo kamili ni kama baa 8, maana geji haihesabu baa 1 ya hewa iliyotuzunguka. Maadamu kanieneo kamili ya ndani inazidi maradufu ya ile ya nje, upepo hupenya tunduni kwa kasi isiyoongezeka, nayo ni kasi ya sauti. Lakini tangi likijaa, upepo umeshindiliwa zaidi, hivyo mwingi zaidi hutoka kila sekunde. Kwa hiyo tangi halipotezi kiasi kilekile kila dakika, bali sehemu ileile ya kile kilichosalia.

2. Kupima

Lori lisimame mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa magogo, tangi lijazwe, kisha injini izimwe. Injini ikiunguruma, pampu hufidia upungufu na kuuficha uvujaji. Geji isomwe, zipite dakika 10, isomwe tena. Kipimo kirudiwe breki ikiwa imekanyagwa, kwani baadhi ya matundu huvuja wakati huo tu.

Tuseme geji imeshuka kutoka 7 hadi 6. Kanieneo kamili imetoka 8 hadi 7. Imepotea sehemu moja ya nane. Hesabu huendelea hivi:

Mwanzo: geji 7.0
Dakika 10: geji 6.0
Dakika 20: geji 5.1
Dakika 30: geji 4.4
Dakika 40: geji 3.7

Hapo dereva hajakanyaga breki hata mara moja. Kila akanyagapo, upepo mwingine hutumika.

3. Kosa la kuepukwa

Wapo wapimao tangi likiwa nusu. Lori lilelile, geji ikiwa 3, litapoteza nusu baa tu kwa dakika 10, na mpimaji atasema, “Ni kidogo, liende.” Tangi likijazwa, tundu lilelile litapoteza baa nzima. Mwenye kupima tangi lisilojaa hujidanganya mwenyewe.

4. Ukubwa wa tundu

Kwa tangi la lita 40, uvujaji wa mfano huu hutokana na tundu la kama robo moja ya milimita, jembamba kuliko pini ya ofisini. Tundu la milimita 1 hushusha geji kutoka 7 hadi 3 kwa dakika tatu au nne. Tundu likiwa pana mara mbili, uvujaji huwa mara nne, si mara mbili. Basi ufa mdogo usidharauliwe: mtikisiko wa safari huupanua.

5. Uamuzi

Lori lenye uvujaji kama huo lisiteremke kabla ya fundi kulitengeneza. Povu la sabuni likipakwa kwenye viungo vya mipira na mabomba litaonyesha mahali panapovuja. Vipimo viandikwe daftarini pamoja na tarehe na namba ya lori, ili safari ijayo ilinganishwe nayo. Siku moja ya kuchelewa mbolea hufidiwa. Lori lililotumbukia bondeni halifidiwi.

Swali la majadiliano: Geji imeshuka kutoka 7 hadi 5 kwa dakika 10. Itasoma ngapi baada ya dakika 20? (Jibu: 3.5, wala si 3.)