Somo: Waliobeba Mzigo Njiani

Watoto wetu wakiulizwa ni nani waliozipasua njia za bara, hujibu: Burton, Speke, Livingstone, Stanley. Jibu hilo si uongo, lakini ni nusu ya habari. Wageni hao hawakuingia bara peke yao. Basi leo na tujifunze habari za waliofuatana nao.

Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao. Alikamatwa angali kijana, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi. Bwana wake alipokufa akapata uhuru, akarudi Unguja. Mwaka 1858 alifika Ziwa Tanganyika pamoja na Burton na Speke. Tena akafuatana na Cameron kutoka Bagamoyo hata bahari ya magharibi, 1873 hata 1875.

Livingstone alipokufa, Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, hapakuwa na Mzungu mwingine. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakafanya shauri kumrudisha kwao. Moyo wake wakauzika chini ya mti, naye Jacob Wainwright akasoma sala za maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga katika gome. Walipofika Unyanyembe, Cameron aliwashauri wauzike pale, wakakataa. Mbele tena wenyeji wakazuia maiti isipite. Wakaifunga kama robota la nguo, wakapita. Februari 1874, baada ya miezi tisa na maili zaidi ya 1,000, wakaingia Bagamoyo.

Huko wakalipwa mshahara, wakaagwa. Katika wabebaji hao Wainwright peke yake alihudhuria maziko, London, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, kaburi limekwisha kufunikwa.

Kitabu cha Kutoka chasema Musa aliichukua mifupa ya Yusufu. Majina ya waliolibeba jeneza jangwani hatukuandikiwa. Lakini haya ya ndugu zetu yameandikwa, nasi hatuna udhuru. Sisi wa Kinondoni na Temeke, Bagamoyo si mbali. Walimu, mkiwapeleka vijana kuuona mnara wa misioni ulipolazwa mwili ule, wafundisheni kwanza majina ya walioufikisha.

Maswali ya kufundishia:
1. Mbona Susi na Chuma hawakukubali shauri la Cameron?
2. Ni nani katika usharika wetu wabebao mzigo, wala hawatajwi?
3. Tutawakumbukaje wangali hai?