Sumu Isiyoonekana Katika Gunia la Mahindi

Mpenzi msomaji, je, lile gunia la mahindi uliloletewa kutoka nyumbani mashambani limekauka sawasawa? Huenda swali hili likaonekana dogo, lakini huko Kitui na Makueni liliwahi kuwa swali la uhai na mauti. Kufikia Julai 2004, watu 317 walikuwa wameugua ini kwa kula mahindi yenye sumu, na 125 kati yao walifariki. Wagonjwa 148 walitoka Makueni na 101 Kitui. Hawakulishwa sumu na adui. Wengi wao walikula mahindi waliyoyalima wenyewe.

Wiki hii tutaeleza sumu hiyo hutoka wapi, na jinsi mkulima na mlaji wanavyoweza kuizuia kwa njia za kawaida zisizohitaji dawa kali.

Kuvu na sumu yake

Sumu hii huitwa aflatoksini, au kwa Kiswahili sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, ambaye huishi udongoni na kwenye mabaki ya mimea. Wataalamu walianza kuifahamu baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, kwa kula chakula kilichotengenezwa kwa karanga zilizoingiwa na kuvu. Mbali na karanga, mahindi ndiyo hushambuliwa zaidi.

Kuvu huyu hupenda joto, na hushambulia sana mmea uliodhoofishwa na ukame. Ndiyo sababu nchi kavu kama Ukambani huwa hatarini. Mahindi yanaweza kuingiwa na kuvu yakiwa bado shambani, kisha yakihifadhiwa na unyevu, kuvu huzaana na sumu kuongezeka.

Hayo ndiyo yaliyotokea mwaka 2004. Mvua ilinyesha wakati usio wake, mavuno yakalowa, na watu wakayaingiza mahindi nyumbani kabla hayajakauka. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba waliougua walikuwa na desturi ya kuhifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba kuliko majirani zao wasiougua. Hata mahindi ya sokoni hayakusalimika: zaidi ya nusu ya yaliyopimwa yalikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, katika Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, watu 12 kati ya wagonjwa 20 walifariki kwa sababu hiyo hiyo.

Moto hauimalizi

Wengi hudhani kwamba ugali ukiiva vizuri, sumu hufa. Sivyo. Moto wa jikoni huua kuvu mwenyewe, lakini sumu aliyokwisha kuiacha ndani ya punje hustahimili joto la kuchemsha. Kuosha mahindi na kuyaanika upya hakuiondoi, na kuyapikia pombe hakuyasafishi.

Ukimlisha ng'ombe mahindi hayo, sehemu ya sumu hupita katika maziwa na kumrudia mtoto wako kwenye kikombe cha chai.

Kukoboa husaidia kiasi. Wakamba wana chakula chao kiitwacho muthokoi, yaani mahindi yaliyoondolewa ganda. Kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini, kukoboa huipunguza. Lakini kupunguza si kumaliza, na mahindi yaliyooza hayawi salama kwa kukobolewa.

Dawa ya moto ni moto

Kinga huanzia shambani. Si kila kuvu wa jamii hii hutoa sumu. Wataalamu wamechagua aina nne za asili ya Kenya zisizo na sumu, wakazipandisha juu ya punje za mtama zilizouawa ili zisiote. Bidhaa hiyo huitwa Aflasafe KE01, na iliidhinishwa nchini mwaka 2015. Kiwanda chake kiko Katumani, Machakos, katika kituo cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO.

Mkulima humwaga kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu wema hukua, wakajaza nafasi na kumnyima mwenye sumu makao. Ikitumiwa sawasawa, sumu hupungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Kavu ndiyo salama

Hata hivyo, kazi hiyo yote yaweza kuharibika baada ya mavuno. Zingatia haya:

1. Vuna mara mahindi yanapokomaa na kukauka. Usiyaache yanyeshewe shambani.

2. Usiyatupe chini kwenye udongo, kwa maana huko ndiko kuvu aliko. Anika juu ya turubai au mkeka, na uyafunike mvua inapotisha na wakati wa usiku.

3. Unapopukuchua, usiyapige kwa nguvu ndani ya gunia. Punje iliyopasuka ni mlango wazi.

4. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali panapopitisha hewa.

5. Zuia dumuzi na fukusi, kwa kuwa hutoboa punje na kuongeza unyevu. Wazee walitumia majivu na majani ya mwarobaini. Siku hizi kuna pia magunia yasiyopitisha hewa, ambamo wadudu hukosa pumzi. Lakini kumbuka: majivu hayaondoi sumu, na gunia hilo halikaushi mahindi mabichi.

Unyevu unaotakiwa hauzidi asilimia 13.5. Kama huna kifaa cha kupimia, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi robo, kisha vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika moja, uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Yarudishe juani. Isipoganda, bado yaanike siku moja au mbili zaidi kabla ya kuyafunga, maana 15 haijawa 13.5.

Nawe uliye mjini

Usifikiri jambo hili ni la mashambani peke yake. Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu.

Kabla ya kupeleka mahindi kwenye kinu, yamwage kwenye ungo uyachambue. Ondoa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizotobolewa. Mara nyingi punje chache mbovu ndizo hubeba sumu nyingi. Funika pua na mdomo unapochambua, kisha ufukie takataka hizo. Usiwape kuku wala ng'ombe. Kama gunia zima linanuka uvundo, lisiliwe. Fanya vivyo hivyo na karanga: yenye ukungu au ladha ya uchungu, iteme.

Pia usile mahindi peke yake kila siku. Viazi, mihogo na ndizi hupunguza kiasi cha sumu unachoweza kula bila kujua.

Dalili

Anayekula sumu nyingi kwa muda mfupi huumwa tumbo, hutapika, hukosa hamu ya chakula, macho huwa ya manjano na tumbo au miguu huweza kuvimba. Mkimbize hospitali mara moja, na ubebe mfano wa chakula alichokula. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu mwilini. Madaktari humsaidia mgonjwa ini lake lipate nafasi ya kupona.

Anayekula kidogo kidogo kwa miaka huenda asihisi lolote, lakini anajiwekea hatari ya saratani ya ini. Hatari hiyo huzidi mno kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Chanjo yake hutolewa kwa watoto wachanga nchini tangu 2001, basi hakikisha mwanao ameipata.

Msomaji, unapompigia mama simu kumshukuru kwa gunia alilokutumia, muulize pia kama ana turubai la kuanikia. Kama hana, mnunulie. Bei yake ni ndogo kuliko kitanda cha hospitali.