Ukuta Ulipoondolewa: Mto, Mchezo na Manufaa ya Wote



Katika masomo ya maadili sisi waseminari wa filosofia hufundishwa kutofautisha lengo na njia ya kulifikia. Darasani tofauti hii ni nyepesi: dawa ni njia, afya ndiyo lengo. Ugumu huanza tunapoipeleka kwenye jambo halisi. Leo tunaipeleka mtoni, na tunauliza: je, ni halali jamii kubomoa bwawa ili watu wapate kupiga makasia na kuburudika?

1. Mfano wa mto Chattahoochee

Jiji la Columbus, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, lilianzishwa mwaka 1828 kando ya mto Chattahoochee. Mahali hapo miamba migumu ya nchi ya juu hukutana na ardhi laini ya tambarare, na mto huteremka zaidi ya mita 30 katika mwendo wa kilomita 4 hivi. Maji yanayoteremka namna hiyo yana nguvu, na nguvu hiyo ilitakiwa kuendesha vinu vya nafaka na viwanda vya nguo. Ndiyo maana zikajengwa kuta za kuyazuia maji. Ukuta wa Eagle and Phenix ulijengwa mwaka 1882, na ule wa City Mills mwaka 1907.

Kuta hizo ziliwapa watu kazi na mavazi. Lakini mto nao ulilipa gharama. Nyuma ya ukuta maji hutuama, mawe hufunikwa, tope hutulia chini, na samaki waliozoea maji ya kasi hukosa mahali pa kuzaliana. Chini ya ukuta mfupi kuna hatari nyingine: maji yanayoanguka hujizungusha na kurudi nyuma, na aliyenaswa humo huvutwa ukutani tena na tena, hata akiwa mwogeleaji hodari.

Baadaye viwanda vya nguo vilififia na kufungwa. Kazi iliyozileta kuta ikaisha, kuta zikabaki. Baada ya miaka mingi ya mipango, ukuta wa Eagle and Phenix ulivunjwa kwa baruti mwezi Machi 2012, na mwaka uliofuata ukavunjwa wa City Mills. Mafundi hawakuishia kubomoa. Walipanga pia mawe ili mikondo ipitike. Leo watu hushuka kwa kayaki na boti za mpira katikati ya jiji, na mwaka 2023 yalifanyika hapo mashindano ya dunia ya kayaki ya mitindo huru. Kando ya mto kuna njia ya kutembea, na asiye na fedha ya kukodi boti anaweza kukaa na kutazama maji bure.

Tuseme ukweli wote: mto huo haukuachiwa huru kabisa. Juu yake bado kuna mabwawa ya umeme, na wingi wa maji jijini hupanda na kushuka kufuatana na maji yanayoachiliwa huko.

2. Je, mchezo ni sababu ya kutosha?

Wengine watapinga: fedha nyingi namna hiyo zitumike kwa michezo, na maskini wapo? Pingamizi hili ni zito, wala hatulipuuzi. Hata hivyo, Mtakatifu Thoma wa Akwino hakuuona mchezo kuwa upuuzi. Akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba upo hata wema wa kimaadili unaohusu kucheza kwa kiasi. Kama mwili unavyochoka ukahitaji kulala, ndivyo roho inavyochoka ukahitajika mchezo uipumzishe. Anasimulia habari ya Mtakatifu Yohane Mwinjili, ambaye watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwuliza mmoja wao aliyeshika upinde kama angeweza kupiga mishale bila kukoma. Akajibu kwamba upinde ungevunjika. Sisi husema kwa kifupi: kazi na dawa.

Basi mchezo ni hitaji la mwanadamu. Lakini Thoma anaweka mipaka: mchezo usiwe wa aibu, usituondolee utulivu wa akili, na ufae watu, wakati na mahali. Mpaka huo wa mwisho ndio unaotufikisha jirani.

3. Upande wa pili: Bujagali

Karibu na Jinja, Uganda, mto Nile ulikuwa na maporomoko ya Bujagali, yaliyovuta wapiga makasia kutoka mbali na ambayo Wasoga waliyaheshimu kama mahali patakatifu pa jadi yao. Bwawa la umeme la megawati 250 lililokamilika mwaka 2012 liliyafunika. Wenye boti wakahamia chini zaidi. Mwaka 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, na sehemu nyingine ya maji ya kasi ikazama.

Je, Columbus walitenda haki na Uganda wakakosea? Hatuwezi kuhukumu haraka hivyo. Ukuta wa Columbus ulikuwa umemaliza kazi yake. Wa Bujagali unatoa umeme unaohitajika hospitalini, shuleni na nyumbani. Hata hivyo, hitaji la umeme halifuti hasara. Wanaopoteza mto wana haki ya kusikilizwa kabla ukuta haujajengwa.

4. Tunachojifunza

Kwanza, bwawa ni njia, si lengo. Lengo likiisha, ukuta unapaswa kuhojiwa upya, hata kama babu zetu waliujenga kwa jasho. Pili, burudani ya watu ni sehemu ya manufaa ya wote, mradi mlango usifungwe kwa maskini. Tatu, mto si wa kizazi kimoja. Anayeujengea ukuta leo afikiri pia nani ataubomoa, na kwa gharama ya nani.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika parokia yetu, ni kitu gani tunaendelea kukitunza ingawa kazi yake imekwisha?
2. Vijana na watoto wetu wana mahali gani pa wazi pa kucheza bila kulipa?
3. Ni nani hutumia mto au ziwa lililo karibu nasi, na ni nani amezuiwa?