Tela la Kuhamia: Uzito, Wenzo na Joto la Breki Katika Miteremko ya Ngorongoro

Utangulizi

Kuhama ni jambo la zamani katika nyanda za Ngorongoro. Kwa vizazi vingi akina mama wa Kimaasai wamefungasha punda kila boma lilipohamishwa, wakigawa mzigo sawasawa ubavu wa kulia na wa kushoto, ili mnyama asilemewe upande mmoja. Siku hizi vyombo vya nyumbani vimeongezeka na safari zimerefuka. Mwalimu au muuguzi anayepewa uhamisho kutoka Karatu huondoka na vitanda, kabati, jokofu na magunia ya mahindi. Tangu Juni 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, mwendo wa karibu kilometa 600. Serikali imeeleza kuwa uhamaji huo ni wa hiari. Baadhi ya wakazi na mashirika ya haki za binadamu wameupinga.

Ziwe sababu zozote zile za kuhama, kanuni za maumbile hazibagui wahamaji. Ukingo wa kreta uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Karatu uko karibu mita 1,500. Na Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, uko karibu mita 1,000. Kila chombo kinachotoka huko juu kuelekea Arusha hapana budi kishuke miteremko hiyo, kikiwa kimebeba mali yote ya kaya.

Tela lililofunikwa, yaani lenye bodi ya bati au mbao, paa na milango ya kufungwa kwa kufuli, hukinga vyombo na mvua, vumbi na wezi. Aghalabu mnunuzi huvutiwa na ukubwa wa bodi. Somo hili linaonyesha kwamba ukubwa ni jambo la mwisho. La kwanza ni uzito, la pili ni mahali pa uzito, na la tatu ni breki.

1. Uzito unaoruhusiwa

Kila tela lina ukomo wa uzito wa jumla, yaani uzito wa tela lenyewe pamoja na mzigo wake. Kwa kawaida ukomo huo huandikwa kwenye kibao kilichopigiliwa mbele ya fremu. Na ichukuliwe mfano wa tela lenye ukomo wa kilo 1,600. Likiwa tupu lina kilo 600. Basi mzigo usizidi kilo 1,000. Magunia kumi ya mahindi ya kilo 100 kila moja hufikia kiasi hicho, ilhali bodi bado huonekana nusu tupu. Hapa ndipo wengi hukosea: hujaza nafasi badala ya kuhesabu kilo.

Hali kadhalika, tela halina nguvu kuliko kiungo chake kilicho dhaifu. Ubavuni mwa tairi, baada ya vipimo vya ukubwa, huandikwa namba inayoonyesha mzigo inaoweza kubeba. Namba 91 maana yake ni kilo 615, na namba 97 ni kilo 730. Tela la mfano wetu lina tairi mbili. Kama kilo 160 za uzito wake zinaegemea ndoano ya gari, kilo 1,440 zinabaki juu ya tairi, yaani 720 kila moja. Tairi za namba 91 zinaweza kupasuka njiani hata kama fremu ni ya chuma kizito. Zinahitajika za namba 97 au zaidi. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja mno kila linapozunguka, hupata joto na kuchakaa upesi.

2. Mahali pa kuweka mzigo

Mchukuzi wa mkokoteni sokoni Karatu huijua kanuni ya wenzo bila kuisoma darasani. Mzigo ukirundikwa nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni huinuka na kumnyanyua. Ukirundikwa mbele mno, humlemea. Ekseli ndiyo egemeo, nayo mikono ni upande mmoja wa wenzo.

Tela hufuata kanuni hiyo hiyo. Kitovu cha uzito wake hapana budi kiwe mbele kidogo ya ekseli, ili kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wote kiegemee ndoano ya gari. Hesabu yake ni nyepesi. Umbali kutoka ndoano hadi ekseli ukiwa mita 3, na kitovu cha uzito kikiwa sentimeta 30 mbele ya ekseli, ndoano hubeba:

1,600 × 0.3 ÷ 3 = kilo 160.

Sasa kabati na magunia yakisogezwa nyuma hadi kitovu cha uzito kiwe sentimeta 10 nyuma ya ekseli, ndoano huinuliwa kwa nguvu ya uzito wa kilo 53. Sehemu ya nyuma ya gari huwa nyepesi, na tairi zake hushika barabara kwa shida. Kasi ikizidi, mkia wa tela huanza kuyumba kulia na kushoto, kila myumbo ukiwa mkubwa kuliko uliotangulia, hata gari lenyewe livutwe nje ya barabara. Dereva aliyekumbwa na hali hiyo apunguze mafuta polepole na kushika usukani bila kuuzungusha kwa nguvu.

Kwa hiyo vitu vizito, kama jokofu, magunia na cherehani, vilazwe sakafuni, juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Magodoro, nguo na viti viwekwe juu na nyuma. Kila kitu kifungwe kwa kamba, kwani mzigo ulioteleza kwenye mteremko umekwisha kubadili hesabu yote.

3. Joto la breki

Mzigo ulio juu ya mlima una nishati kwa sababu ya kimo chake. Ukishuka bila kuongeza kasi, nishati hiyo haipotei. Hugeuzwa kuwa joto, sehemu kubwa ikiwa katika breki. Gari la kilo 2,400 likivuta tela la kilo 1,600, jumla ni kilo 4,000. Vikishuka kimo cha mita 300, nishati ni:

4,000 × 9.8 × 300 = karibu jouli milioni 12.

Joto hilo latosha kuchemsha karibu lita 35 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20 za Sentigredi. Kama tela halina breki zake, breki za gari hubeba mzigo unaozidi wake wa kawaida kwa theluthi mbili. Breki zilizopata joto mno hupoteza msuguano. Mafuta ya breki yaliyozeeka, ambayo yamefyonza unyevu wa hewa, huweza kuchemka. Mvuke hubanwa kwa urahisi, na pedali huzama bila gari kupungua mwendo.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, tela liwe na breki zake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya tela lenye uzito wa jumla unaozidi kilo 750 hutakiwa kuwa nazo. Aina iliyo rahisi hufanya kazi kwa kusukumana: gari likipunguza mwendo, tela hulisukuma, na msukumo huo hukaza breki za tela. Pili, dereva aingize gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, wala si katikati ya mteremko, ili injini izuie mwendo na breki zipumzike.

Miteremko ya wilaya hii haistahili kudharauliwa. Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo lililobeba wanafunzi lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu. Watu 35 walifariki, wakiwamo wanafunzi 32.

4. Upepo na vumbi

Ubavu wa bodi iliyofunikwa ni kama tanga. Bodi yenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2 ikipigwa ubavuni na upepo wa kilometa 54 kwa saa, husukumwa kwa nguvu ya karibu uzito wa kilo 100. Katika tambarare za Makuyuni, ambako upepo hauna kizuizi, bodi ndefu kwenda juu iliyobeba vitu vyepesi ni ya hatari kuliko ile fupi.

Vumbi nalo huingia kwa njia isiyotazamiwa. Tela linapokwenda, hewa iliyo nyuma yake huwa na kanieneo ndogo, na vumbi lililotimuliwa na tairi hufyonzwa kupitia nyufa za mlango wa nyuma. Udongo wa Ngorongoro, uliotokana na majivu ya volkano, ni laini mno na hupenya popote. Mlango uzungushiwe mpira, na kitundu kidogo chenye chujio kiwekwe juu, upande wa mbele, ili hewa iingiayo isukume vumbi nje.

5. Visivyopaswa kufungiwa

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya bodi iliyofungwa hutuama sakafuni, na cheche moja huweza kuilipua. Mtungi wa gesi na mafuta ya taa visafirishwe mahali penye hewa, vikiwa vimesimama wima. Watu, hata mlinzi wa mzigo, wasipande ndani. Wala kuku na mbuzi wasifungiwe humo, kwani bati lililopigwa na jua hugeuka tanuri.

6. Kabla ya kulipa

Familia inayohama mara moja tu yafaa ikodi lori lenye dereva mzoefu. Tela huwafaa zaidi wenye safari nyingi, kama vile kikundi cha wafanyakazi au chama cha ushirika. Mnunuzi ahakikishe haya:

(a) Kibao cha uzito kinasomeka, na hati za usajili zinalingana na namba za fremu.
(b) Gari lake linaruhusiwa na mtengenezaji kuvuta uzito huo.
(c) Fremu haina ufa wala kutu kwenye maungio, hasa karibu na ndoano.
(d) Breki, taa za nyuma na mnyororo wa usalama vinafanya kazi.
(e) Sakafu ina pete imara za kufungia kamba.

Maswali ya kujipima

1. Tela lina ukomo wa kilo 1,500 na uzito wa kilo 650 likiwa tupu. Laweza kubeba magunia mangapi ya kilo 100?
2. Kwa nini gia ndogo iingizwe kabla ya mteremko?
3. Magodoro yakiwekwa mbele na magunia nyuma, ndoano ya gari itapatwa na nini?