KUMALIZA NDEGE YA MFANO NA KUIPIMA KWA HAKI

Watu wengi hudhani kwamba ndege ya mfano ni kitu cha kuchezea watoto tu. Lakini mtu aunganishaye vipande vya plastiki, akavipaka rangi, kisha akajiuliza kama kazi yake yafanana na ndege yenyewe, huyo anafanya kazi ya kisayansi: anapima, analinganisha na kuhukumu. Katika somo hili tutaichukua ndege ya DC-3, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, na ambayo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipata kuitumia.

1. Maana ya skeli

Skeli ya 1/72 maana yake ni kwamba kila urefu wa ndege halisi umegawanywa kwa 72. Mabawa ya DC-3 yana meta 28.96 toka ncha hata ncha. Basi mabawa ya mfano hayana budi kuwa na milimeta 402. Eneo hupungua mara 5,184, na ujazo mara 373,248.

Unene, hata hivyo, haufuati kanuni hii. Plastiki ya milimeta 1 yawakilisha ukuta wa milimeta 72, ilhali ngozi ya aluminiamu ya ndege halisi ni nyembamba mno. Ndiyo sababu fundi hodari huupunguza kwa msasa ukingo wa nyuma wa bawa. Rangi nayo ni vivyo hivyo: tabaka la sehemu moja ya kumi ya milimeta ni sawa na milimeta 7.2 juu ya ndege halisi.

2. Kazi ya kumaliza

Gundi ya plastiki haibandiki tu, bali huyeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja. Kiyeyushi chake hutoka polepole, na plastiki husinyaa kinapotoka. Anayesugua maungio mapema ataona mfereji umejitokeza baadaye, chini ya rangi. Yafaa kusubiri siku mbili au zaidi.

Nyufa zikishazibwa, sugua kwa msasa wa maji, kwanza wa 400, kisha wa 600, kisha wa 1000. Halafu paka tabaka jepesi la rangi ya kijivu. Rangi moja huondoa udanganyifu wa plastiki na rojo zenye rangi mbalimbali, na kila kasoro huonekana kwa kivuli chake. Hili ni muhimu hasa kwa DC-3 iliyoachwa na rangi ya aluminiamu tupu, kwa kuwa uso unaong'aa haufichi mkwaruzo wowote.

Nembo za kubandika kwa maji ziwekwe juu ya uso laini unaong'aa. Uso usiong'aa una vibonde vidogo vinavyonasa hewa chini ya nembo. Mwanga hurudishwa na hewa hiyo, na nembo huonekana kama ina ukungu mweupe.

3. Kuhukumu matokeo

Anza na umbo kabla ya rangi. Pima toka ncha ya kila bawa hadi ncha ya mkia: vipimo viwili viwe sawa. Weka ndege juu ya kioo kilicholala sawasawa, upime kimo cha kila ncha ya bawa. Kisha zidisha kila kosa kwa 72.

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa somo hili aliunda DC-3 ili iwe kielelezo cha usahihi mbele ya wanafunzi wake. Rangi yake ilisifiwa na wote. Kisha mwanafunzi mmoja akainuka na rula, akasema, "Mwalimu, bawa la kushoto liko chini kwa milimeta 3." Ilikuwa kweli. Katika ndege halisi hizo ni sentimeta 21.6, na hakuna mhandisi ambaye angeiruhusu iruke. Sababu yake ilikuwa haraka: vishikizo viliondolewa kabla gundi haijakauka. Mfano huo ungali kabatini, na chini ya bawa lake imeandikwa tarakimu 21.6. Umefundisha zaidi kuliko ungalifundisha kama usingalikuwa na kosa.

Zoezi

Ndege ya mfano ya skeli ya 1/48 ina kosa la milimeta 2. Je, kosa hilo ni kubwa kuliko kosa la milimeta 1.5 katika skeli ya 1/72? Fanya hesabu kabla ya kuamini macho yako.