Hifadhi Maneno ya Kiingereza Kama Unavyohifadhi Darsa



Nilipokuwa kidato cha kwanza niliikariri maana ya "evaporation" neno kwa neno, kama wimbo. Siku ya jaribio swali likauliza kwa nini "wet clothes" hukauka upesi kukiwa na upepo. Mimi "clothes" nikaisoma "close", yaani kufunga. Nikaacha nafasi tupu. Kumbe nilikuwa naulizwa habari za nguo mbichi zilizoanikwa kwenye kamba, jambo nililoliona nyumbani kila siku na kufundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi. Elimu nilikuwa nayo, neno sikuwa nalo.

Wengi wenu mtalikuta jambo hili. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali, isipokuwa chache, lakini sekondari masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto hodari huweza kunyamaza darasani mwaka mzima, akadhaniwa hana akili.

Ninyi wanafunzi wa madrasa msiogope. Kazi ya kuhifadhi mnaijua. Itumieni hivi:

1. Chukua kidogo kila siku. Hakuna anayehifadhi juzuu nzima kwa usiku mmoja. Chukua maneno 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Baada ya wiki 40 ni maneno 1,000. Anza na yanayotumika sana. Mwaka 1953 mwalimu Mwingereza, Michael West, alitoa orodha ya maneno yapatayo 2,000 yanayomfaa zaidi mwanafunzi mgeni wa lugha hiyo. Yatangulize pia maneno ya maswali ya mtihani: "state" ni taja, "explain" ni eleza, "compare" ni linganisha. Asiyeyajua hujibu lisiloulizwa.

2. Fanya murajaa. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kusahau. Aliona kuwa sehemu kubwa ya ulichohifadhi hupotea siku ile ya kwanza, kisha kusahau huenda polepole. Kwa hiyo rudia jioni ile ile, kesho yake, baada ya siku 3, baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Kunja ukurasa wa daftari katikati: Kiingereza upande mmoja, maana upande wa pili. Ziba maana, jiulize, ndipo ufunue. Kuyatazama tu maneno na maana zake hakutoshi. Unapomsomea ustadhi hifdhi, msahafu si unafungwa kwanza?

3. Lifunge neno na unachokijua. Jina la Kariakoo limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Basi "carry" ni kubeba, na ukiwaona wapagazi wa sokoni hutalisahau. Ukishuka Buguruni Sheli, kumbuka kuwa "shell" ni kombe la baharini, ndiyo nembo ya kampuni ile ya mafuta. Kiarabu nacho kitakusaidia: "coffee" na kahawa asili yao ni qahwa, "sugar" na sukari ni sukkar, "zero" na sifuri ni sifr. Lakini tahadhari! Sisi twala wali hotelini. Mwingereza "hotel" kwake ni nyumba ya kulala wageni.

4. Pokea matamshi kutoka kinywani mwa anayejua. Tajwidi haisomwi kwa macho peke yake, na Kiingereza ni hivyo hivyo. "Corps" hutamkwa "koo", herufi za mwisho zimekufa; ndiyo maana wazee wetu wakasema Kariakoo. Pengine mambo hugeuka: "clothes" na "close" hukaribiana sana kwa sauti, na herufi ndizo huyatenganisha. Basi sikiliza, tamka, kisha andika.

5. Tunga sentensi yako mwenyewe. Hapa ndipo tofauti ilipo. Kuisoma Qur'ani ni ibada hata kabla hujajifunza tafsiri. Neno la Kiingereza halina daraja hiyo. Ukilikariri bila maana umebeba gunia usilojua lina nini ndani. Sema "My mother washes clothes on Friday." Sentensi iliyo ya kwenu hukaa moyoni kuliko ya kitabuni.

Jambo la mwisho ni adabu. Mwenzako akikosea kutamka, usimcheke. Lugha hujifunzwa kwa kukosea, na anayechekwa leo hatanyoosha mkono kesho. Msahihishe kwa upole, nawe ukikosea ukubali kusahihishwa.

ZOEZI: Jioni ya leo hifadhi maneno haya 5: "wet" (-bichi, lililoloa), "dry" (kauka), "clothes" (nguo), "wind" (upepo), "water" (maji). Kesho ziba maana, ujaribu. Kisha eleza kwa Kiingereza chako, hata kama ni kibovu, kwa nini nguo hukauka upesi kwenye upepo. Msomee mwenzako. Ukiweza, umejibu swali lililonishinda mimi.

Wabillahi tawfiq.